Kasongo: Yaya alitaka kesi yake ya kazi ipite redioni, sisi tukaanza na barua

Mara nyingi hapa nawaletea habari za barabara, za bei ya mchele na za usalama upande wa Salamabila. Leo nawaletea jambo la nyumbani kwetu. Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe kabla ya kuandika, naye amekubali kwa sharti moja: jina lake lisitoke, wala jina la chuo, wala la mkubwa wake wa kazi. Sharti hilo nalishika. Kwa hiyo msinipigie simu usiku kuniuliza ni chuo gani. Ni chuo cha juu kimoja cha kusini mwa Maniema, basi.

Yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi katika biro inayoandikisha wanafunzi. Ameingia pale sasa ni miaka sita. Ana barua ya kupangwa kazini, yenye sahihi na kashe ya kamati ya uongozi wa chuo. Lakini hana namba ya matrikile, na jina lake haliko kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, maana walimu wa vijiji vyetu, wauguzi na hata makarani wa serikali wanaishi nayo. Kinachomlisha ni pirime, ile sehemu ya feza za wanafunzi ambayo chuo kinawagawia wafanyakazi kila mwezi. Ni kidogo. Lakini kwa mjane mwenye watoto wanne, kidogo hicho ndicho kinanunua muhogo, mawese na madaftari.

Jioni moja ya mwezi wa nne, mwaka jana, alifika kwangu bila kupiga simu. Nilikuwa nakata sauti za ripoti kwenye kompyuta kabla betri haijakufa. Hakuketi. Aliweka barua mbili juu ya meza, juu ya kompyuta kabisa.

"Mdogo wangu, soma."

Zilikuwa barua za kuomba maelezo, zile ambazo hapa kwetu tunaita tu "dimande". Ya kwanza ilimuuliza kwa nini alikataa amri ya mkubwa wake wa biro. Ya pili ilimuuliza kwa nini alichelewa kazini siku tatu mfululizo. Kila moja ilimpa saa 48 za kujibu. Zote mbili zilikuwa za muda wa wiki tatu. Na tangu mwezi wa pili, aliniambia, jina lake lilikuwa limetoka kwenye listi ya pirime.

Akanieleza chanzo. Mkubwa wake alimwomba amwandike mwanafunzi mmoja katika daftari baada ya siku ya mwisho kupita, tena kwa tarehe ya nyuma. Yaya alikataa. Alisema kama ukaguzi ukija, mwandiko ulio kwenye daftari ni wake, siyo wa mkubwa. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Kiti chake kilihamishwa karibu na mlango, mahali ambapo mvua inaingia. Ufunguo wa kabati alinyang'anywa. Kisha zikaanza barua.

"Wewe una mikro," akaniambia. "Kesho asubuhi sema yote kwenye habari. Jimbo zima lisikie. Ataona haya."

Nitasema ukweli mbele yenu: nilishawishika. Habari ilikuwa nzuri. Mama mjane, daftari, tarehe ya nyuma, pirime iliyokatwa. Nilikuwa tayari nina sentensi ya kuanzia kichwani. Tena huyu ni damu yangu. Tulipokimbia vita, yeye ndiye alinibeba mgongoni.

Kilichonizuia ni mwalimu mmoja wa upande wa Kabambare.

Ni habari ya miaka saba nyuma, wakati nilikuwa bado mpya katika kazi hii. Nilitoka kwenye masomo ya uandishi wa habari na kichwa kimejaa moto. Mwalimu yule alinieleza jinsi mkubwa wa shule yake alivyokuwa akimtesa. Alilia mbele yangu. Nilirekodi, nikapanda pikipiki kutafuta mtandao, nikatuma. Kesho yake ikapita katika habari za Kiswahili na katika habari za Kifaransa. Sikumpigia simu yule mkubwa. Nilijiambia kwamba mtandao haukuwa mzuri. Kweli haukuwa mzuri, lakini pia sikutaka kusikia kitu ambacho kingeniharibia habari.

Siku nne baadaye yule mkubwa alikuja redioni na karatasi zake, akadai haki ya kujibu. Nusu ya yale mwalimu aliyoniambia yalikuwa kweli. Nusu nyingine hayakuwa. Redio ikampa yule mkubwa nafasi, tukaomba radhi kwa ile nusu, na ile nusu iliyokuwa kweli ikafa pamoja nayo. Mwalimu aliambiwa kwamba ameivua nguo shule mbele ya watu. Mwaka uliofuata hakupewa kelasi. Leo anauza mafuta ya pikipiki kwenye chupa, kando ya barabara. Kila ninapopita huko ananisalimu vizuri sana, ananiuliza habari za watoto, ananijazia tangi kwa kipimo cha haki. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo nilimwambia yaya: "Redio haikimbii. Leo tuandike kwanza."

Alikasirika. Alisema kwamba nimekuwa kama wale wakubwa, kwamba namwogopa mtu wa chuo. Alichukua barua zake akaondoka. Alirudi asubuhi ya Jumapili na daftari la watoto na kalamu, bila kuniangalia usoni.

Tuliandika siku nzima. Maandishi yake ya kwanza yalikuwa kurasa nne, na neno "mwizi" lilirudi mara tisa. Nilimuuliza: "Ulimwona akipokea feza?" Akasema hapana. "Kuna mtu alimwona?" Hapana. Basi neno "mwizi" tukalitoa. Tukaacha tu yale aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio: siku gani, saa ngapi, nani alikuwepo, maneno gani yalisemwa. Kurasa nne zikawa ukurasa mmoja na nusu. Alipousoma kwa sauti alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hivi inauma zaidi."

Mjomba wetu alipopata habari hakufurahi. Yeye ni mtu wa barza. Kwetu Kasongo, tangu zamani za mababu, jambo linakaliwa kwenye mkeka, wazee wanasikiliza huku na huku, kisha watu wanakula pamoja. Akasema tunamwandikiaje barua mtu ambaye tunasali naye na kuzikana naye? Akachukua mzee mwingine mmoja, wakaenda nyumbani kwa yule mkubwa wa biro baada ya sala ya jioni. Walipokelewa kwa heshima, wakapewa maji na viti. Kisha mwenye nyumba akawaambia: "Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini jambo la kazi limalizwe kazini."

Mjomba alirudi amevimba. Mimi nilifikiri moyoni kwamba yule bwana, kwa neno hilo moja, alikuwa na haki. Barza inaweza kurudisha salamu kati ya watu wawili. Haiwezi kurudisha jina kwenye listi ya pirime.

Jumatatu tulikwenda kwenye biro ya personeli, yaani ile inayosimamia wafanyakazi. Ninyi mnaosoma mkiwa katika miji mikubwa msifikirie vioo na mashine za baridi. Ni chumba kimoja, viti viwili, na mafaili yamepangwa hadi darini, mengine yameliwa na panya pembeni. Anayekiongoza ni mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama yaya, kisha akanitazama mimi, na sauti yangu aliijua.

"Wewe umekuja kama ndugu au kama mwandishi?"

"Kama ndugu, mama."

"Basi weka kile kitu chako hapo nje."

Nilitoka nikamwachia mlinzi dikitafoni yangu. Niliporudi alikuwa amekwisha kuisoma barua ya yaya, na alikuwa anatafuta faili lake. Alilipata baada ya dakika kumi. Lilikuwa jembamba kama kipeperushi: barua ya kupangwa kazini, nakala ya diploma, cheti cha ndoa, na chini kabisa barua za kuomba maelezo.

Zilikuwa tatu.

Mama akaisoma ya tatu kwa sauti ya chini. Ilimuuliza yaya kwa nini, tarehe fulani, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamepanga mstari, alimwita mkubwa wake "mwizi wa feza za watoto wa maskini".

Nilimgeukia yaya. Alikuwa anatazama miguu yake. Sasa nikajua ni kwa nini neno lile lilikuwa limerudi mara tisa katika karatasi.

"Ulijibu hii?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Na zile mbili?"

"Hapana. Niliona ni za kunionea."

Mama alivua miwani. "Binti yangu, ukipewa dimande ukanyamaza, faili linaandika kwamba umekubali. Mimi si hakimu. Mimi nashika karatasi tu. Na kwenye karatasi, hadi leo asubuhi, yeye tu ndiye amesema."

Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi, na sijasikia mtu akieleza kazi ya biro kwa maneno machache hivyo. Pale pale nilifikiria jinsi ambavyo ningekuwa nimesimama mbele ya mikro na barua mbili mkononi, na yule bwana angekuja siku nne baadaye na ya tatu. Wazee wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi wangu unasikika katika teritware mbili.

Yule mama hakutupa matumaini ya bure. Alitueleza wazi kile anachoweza na kile asichoweza. Anaweza kupokea malalamiko na kuyapiga kashe. Anaweza kumwita kila upande peke yake, na kisha wote wawili. Anaweza kumwandikia katibu mkuu wa utawala, ambaye katika vyuo vya inchi yetu ndiye anayesimamia wafanyakazi ndani ya kamati ya uongozi, pamoja na rekta, katibu mkuu wa masomo na msimamizi wa bajeti. Anaweza kupendekeza mtu ahamishwe biro. Lakini kurudisha pirime siyo kazi yake. Hiyo inapita kwa kamati na kwa msimamizi wa bajeti. Na habari ya mwanafunzi wa tarehe ya nyuma ni jambo la masomo, lina njia yake nyingine. "Usichanganye mashtaka matatu katika barua moja," akasema. "Ukichanganya, watajibu lile lililo jepesi na kuyaacha yale mazito."

Tulirudi nyumbani tukaanza upya. Barua moja ya kujibu dimande zote tatu, ingawa muda ulikuwa umepita, na kueleza kwa nini umepita. Katika ile ya tatu yaya aliandika kwa mkono wake kwamba neno lile alilitamka kweli, kwamba halikufaa kutamkwa mbele ya wanafunzi, na kwamba analiombea radhi. Alikaa na kalamu hewani muda mrefu kabla ya kuandika mstari huo. Barua ya pili ilikuwa ya pirime peke yake, na miezi yake. Ya tatu ilikuwa ya daftari la wanafunzi. Kila barua nakala tatu: moja ya wanaopelekewa, moja ya delege wa sendika ya wafanyakazi wa utawala, moja ya kurudi nyumbani na kashe ya mapokezi. Hiyo ya mwisho yaya aliiweka kwenye faili la plastiki, akalificha chini ya godoro kama hati ya shamba.

Delege wa sendika mwanzoni alitukwepa. Baadaye tulijua kwamba yeye na yule mkubwa wa biro wametoka kijiji kimoja. Lakini alipoona kashe kwenye nakala alibadilika. Alisema kama mambo yamefika kwa katibu mkuu, basi na yeye lazima awepo, wasije wakasema sendika imelala.

Wiki zilizofuata nilikwenda Kindu kwa kazi ya redio. Mnaijua safari hiyo: karibu kilomita 240 juu ya pikipiki, matope hadi magotini, kisha Alunguli, na kuvuka Lualaba ndiyo uingie mjini. Nilikuwa na nafasi ya nusu siku, nikapita kwa watu wanaojua mambo ya sheria ya kazi. Niliwauliza bila kutaja majina. Waliyonieleza nayaandika hapa, maana yanaweza kumsaidia msomaji mwingine.

Kwanza, waliniuliza: "Aliingia kazini kwa karatasi gani?" Karatasi hiyo ndiyo inaonyesha njia. Mtu aliyeajiriwa kwa mkataba analindwa na Kodi ya kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Watu wa kazi za serikali wana sheria yao nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, na wafanyakazi wa vyuo vya juu na vyuo vikuu wana ya kwao, nambari 18/038 ya tarehe 29 Desemba 2018. Ukiingia kwa mlango usio wako, utarudishwa bila kusikilizwa.

Pili, kwa wale wa mkataba, mtu hakimbilii mahakama moja kwa moja. Ugomvi wake lazima kwanza upite kwa inspekta wa kazi, ambaye anaziita pande mbili na kujaribu kuzipatanisha. Inspekta akishindwa, anaandika hivyo, na karatasi hiyo ndiyo inafungua mlango wa mahakama. Kodi hiyo hiyo inakataza kumsumbua mtu kazini kwa kutumia ukubwa, iwe ni kwa mambo ya kimwili au kwa kumvunja moyo. Na madai ya kazi yanazeeka. Anayengoja miaka anaweza kukuta haki yake imekufa mkononi.

Tatu, waliniambia nisome Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 27. Kinasema kila Mkongomani anaweza kuandika ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hayo yanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu cha 38 kinalinda uhuru wa sendika. Mimi ninayesoma habari kila siku, kifungu hicho cha 27 sikuwa nimewahi kukisoma hadi mwisho.

Nilipomrudia yaya na maneno haya hakuruka kwa furaha. Aliuliza tu: "Sasa watoto watakula Katiba?" Kwa kweli miezi ile ilikuwa mizito. Mtoto wake wa pili alifukuzwa shule mara mbili kwa ajili ya madeni. Aliuza kitenge chake kizuri cha msiba wa mume wake. Jirani mmoja alimwambia akapige magoti kwa mkubwa wake, mambo yaishe. Mara moja alinipigia simu saa sita ya usiku akilia, akasema: "Ungeiweka redioni mambo yangekwisha kuisha." Sikuwa na jibu. Hadi leo sina uhakika kwamba alikuwa amekosea.

Kikao kilifanyika mwezi wa saba, katika biro ya katibu mkuu wa utawala. Mimi sikuingia, nilikaa chini ya mwembe pamoja na mlinzi. Yaya ndiye aliyenisimulia. Yule mama wa personeli alisoma barua za pande zote mbili, neno kwa neno. Kisha yule mkubwa wa biro akapewa nafasi. Na yeye alikuwa na maumivu yake. Alisema kwamba biro yake ina watu wawili kwa kazi ya watu sita, kwamba wakati wa kuandikisha anakaa hadi usiku, kwamba kuitwa mwizi mbele ya wanafunzi ambao anakutana nao sokoni kulimfanya watoto wake wachekwe shuleni. Yaya alikiri. Aliomba radhi mbele ya wote, kama alivyokuwa ameandika.

Kisha katibu mkuu akamuuliza yule bwana swali moja: "Ni barua ipi ilikuruhusu kulitoa jina lake kwenye listi ya pirime?" Akafungua faili, akatafuta, akafunga. Barua haikuwepo. Alikuwa amelipiga mstari tu kwa kalamu. Yule yule aliyeshika karatasi tatu dhidi ya yaya, kwa lile jambo kubwa zaidi hakuwa na hata moja.

Msitegemee kwamba nitawaambia yaya alishinda na watu wakapiga ngoma. Mwisho wa mambo ulikuwa hivi. Alipewa onyo la maandishi kwa lile neno alilolitamka. Alihamishwa kwenye maktaba ya chuo, mahali penye vumbi na utulivu. Jina lake lilirudi kwenye listi ya pirime kuanzia mwezi wa nane. Miezi sita iliyopotea walikubali kuilipa kidogo kidogo. Hadi ninapoandika amepokea miwili. Yule mkubwa wa biro bado yuko kwenye kiti chake. Barua ya daftari la wanafunzi imepigwa kashe, na jibu bado hatujaliona. Namba ya matrikile, hiyo inangoja Kinshasa kama zinavyongoja za wengine.

Mwezi uliopita kulikuwa na kilio katika mtaa wetu. Yaya alikuwa anapika bukari pamoja na akina mama wengine, yule bwana akafika. Walisalimiana. Alimuuliza habari za maktaba. Akamjibu kwamba panya ni wengi. Wote wawili wakacheka kidogo. Mjomba, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Sikumbishia. Labda barza ilikuwa imefanya kazi yake pia, kwa mwendo wake.

Baada ya kuyaona haya yote, ninawaambia nini ninyi mnaofanya kazi katika vyuo, shule, hospitali na biro za kwetu? Ukipewa dimande, ijibu, hata kama unaona ni ya uonevu, na uijibu kabla saa zake hazijapita. Andika ulichokiona, acha ulichokisikia kwa watu. Kila karatasi ipate kashe na nakala ibaki kwako. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali. Pita kwa mkubwa wako, kisha personeli, kisha juu, kwa mpangilio, asije mtu akakuambia umeruka ngazi. Mtafute delege wa sendika hata kama humwamini, umpe nakala. Na kama una kosa lako katika jambo, liseme wewe kwanza. Likisemwa na mwenzako linakuwa kubwa mara tatu.

Na ninyi mnaotuita sisi wa redio: tuiteni. Kuna mambo ambayo bila mikro hayatatoka gizani, na sijaacha kuyasema. Lakini tukija tutawauliza maswali mabaya, na tutampigia simu yule mnayemlalamikia. Mkiona tunafanya hivyo, msidhani tumenunuliwa.

Limebaki jambo moja, nalisema kwa haya kidogo. Siku ile kwenye biro ya personeli, yule mama wakati wa kutuaga alinirudishia swali: "Na wewe mwandishi, faili lako liko wapi?" Nikacheka. Kisha sikucheka tena. Nina zaidi ya miaka kumi ninatuma habari. Ninalipwa kwa ripoti, siku feza zikiwepo. Sina mkataba, sina barua hata moja yenye jina langu na kashe. Kama kesho nikigombana na mtu redioni, sina karatasi ya kushika.

Wiki iliyopita nilimwandikia direkta wangu ukurasa mmoja, kwa heshima, nikiomba mkataba. Alisoma, akaniangalia, akasema: "Hata wewe?" Kisha akatafuta kashe kwenye droo. Wino ulikuwa umekauka. Akautemea mate, akapiga mara mbili, na alama ikatoka nusu.

Nakala yangu ninayo. Nimeiweka chini ya godoro.